Spika za Ubao wa Bembea

Jumatatu, 2 Septemba 2024

Leo nimenunua spika mbili tupu. Hazina boksi. Koni ya karatasi, sumaku nyuma, ndimi mbili za kufungia waya. Upana wake inchi nne. Aliyeniuzia ni Ghouse, wa Mtaa wa Ritchie, kwenye maduka ya vifaa vya umeme. Nilimfundisha Kitamil darasa la tisa na nikamwangusha mtihani mara mbili. Sasa ana duka, na miwani yake ni minene kuliko yangu.

Nilimwambia nataka kitu kitakachotoa sauti ya mtu ikiwa nzima.

"Mwalimu, unataka zile za koni kubwa chini na koni ndogo juu?"

Nikamwambia mtu haimbi kwa vinywa viwili.

Akacheka. Akasema basi ninachotaka ni koni moja ibebe zote, nene na nyembamba. Tena ndiyo rahisi kwa anayeanza. Hakuna saketi ya kugawa sauti, hakuna cha kukosea. "Ila boksi tu, mwalimu. Na boksi ndilo kila kitu." Akanichapishia kurasa mbili za vipimo, akaongeza kiamplifaya cha kukuza sauti, kidogo kama kiberiti cha jikoni. Bei ya vyote haikufika bei ya viatu.

Sababu ya kununua: simu yangu inaimba kama nzi ndani ya kopo. Nina miaka sabini na mitatu na sikio moja zima. Nina haki ya kusikia wimbo mmoja vizuri. Sababu nyingine hakuna.

Jumanne, 3 Septemba

Kisima chetu kina ukuta katikati. Tulipogawana nyumba, mimi na mdogo wangu Natesan, miaka tisa iliyopita, ukuta ulikata sebule, ukaziba mlango wa chumba cha kati, ukatoka uani, ukapanda juu ya mdomo wa kisima. Kila upande una kapi yake na ndoo yake. Maji hayakugawanyika.

Sivakami, mke wa mdogo wangu, hajawahi kunisemesha. Si kwa ajili ya ugomvi. Kwao mke hamsemeshi kaka mkubwa wa mumewe. Zamani alipitisha maneno kwa Natesan. Tangu Juni Natesan ana kiharusi, mkono na mguu wa kulia vimekufa, na ulimi pia. Kwa hiyo Sivakami anaiambia ndoo.

Leo asubuhi: "Wewe ndoo, daktari amekuja. Anasema mgonjwa apelekewe sauti alizozizoea tangu utoto, labda kichwa kitazinduka. Anasema isipofanyika mapema, basi tena. Redio ya baba mkwe imekufa tangu mwaka juzi. Mimi nikiimba hata paka anahama. Haya, nipe akili, ndoo."

Nami nikaiambia ndoo yangu iteke maji, mengine hayatuhusu.

Hayanihusu. Nilisema mbele ya wakili na mashahidi wawili: sivuki kizingiti cha Natesan mpaka aje mwenyewe aniombe radhi. Mimi sisemi neno ambalo sijalipima. Sasa hana miguu ya kujia wala ulimi wa kuombea. Kiapo kipo palepale. Alijitakia.

Alhamisi, 5 Septemba

Siku ya Walimu. Nimefundisha miaka thelathini na minne. Hakuja mtu.

Ghouse alituma picha ya waridi kwenye simu, na salamu za mistari miwili. Makosa matatu ya maandishi. Sikumjibu.

Jumapili, 8 Septemba

Vipimo vya Ghouse vinataka mbao za unene wa sentimita moja na nusu. Anasema plaiwudi inatosha. Mimi sipendi plaiwudi, ni karatasi iliyojifanya mti.

Nikapanda darini. Nusu yangu ya ubao wa bembea iko kule, imefungwa kwa shuka. Msaji wa zamani, unene wa vidole viwili. Upande mmoja una matundu ya minyororo. Upande wa pili umekatwa kwa msumeno, na baada ya miaka tisa bado unanuka mafuta.

Bembea ilining'inia sebuleni kwa minyororo. Baba alikaa katikati. Mimi kulia, Natesan kushoto. Redio ilikuwa kwenye rafu mbele yetu, ya mbao, na spika yake ilikuwa moja. Tamasha la nyimbo la asubuhi, saa mbili na nusu. Baba alihesabu mapigo manane kwa vidole, na pigo la kwanza, la tano na la saba aliyagonga juu ya ubao. Tukagonga naye. Natesan alikuwa na kasoro moja ambayo baba hakuweza kuiondoa hata kwa fimbo: la saba aliligonga mapema. Siku zote. Moja vizuri, tano vizuri, saba limeshapita.

Mimi sikukosea hata mara moja. Na aliyeishia kwenye mapaja ya baba alikuwa yeye.

Jumatano, 11 Septemba

Nimepeleka ubao kwa Ezhumalai, seremala wa nyuma ya soko la samaki. Ana msumeno wa umeme wa kupasulia. Alikataa kuuwasha hadi saa mbaya ya mchana, ile ya nuksi, ipite, tukakaa tunatazamana muda wa saa moja na nusu.

Alinusa ubao. Akapitisha kidole kwenye upande uliokatwa.

"Mzee, huu una mwenzake."

Nikasema uko mahali.

"Nani kakata ubao wa bembea? Watu hukalia hiki kitu wakibembeleza watoto, wakiozesha mabinti. Hata mlevi hawezi."

Nikamwambia ni mambo ya mgawanyo, ya wakili na karatasi. Akatema mate pembeni akasema mawakili hawana watoto.

Aliupasua kwa unene, zikatoka mbao mbili nyembamba, nyekundu ndani kama nyama. Harufu ikajaa kibanda. Nilitoka nje nikasimama barabarani. Vumbi la msaji linaniumiza macho.

Jumanne, 17 Septemba

Nimekata mwenyewe. Siku nne. Nilikataa msaada wa Ezhumalai kwa sababu alizungumza sana. Kila kipande nimekipima mara tatu, kwa futi ya chuma, na pembe zote ni sawa. Leo nimeunganisha boksi la kwanza kwa kamba, bila gundi, nione.

Karatasi inasema lita sita. Ghouse aliniambia nihakikishe kwa mchele: jaza boksi, kisha pima mchele. Nikajaza. Nikapima. Lita tatu na robo tatu.

Nikapima tena. Hivyo hivyo.

Nilimpigia simu Ghouse. Aliniuliza vipimo nimevichukulia wapi, nje au ndani. Nikasema nje, kama mtu yeyote anavyopima boksi.

"Mwalimu," alisema, na nilimsikia akijizuia, "hewa inakaa ndani."

Kisha akasema, "Ningekuwa mimi darasani ungeniweka nje kwenye jua."

Kweli ningemweka. Vipande sita vya msaji vimeharibika, haviwezi kurefuka. Nimekusanya mchele punje kwa punje. Chakula cha usiku sikupika, nilikula wali wa mtindi wa jana.

Alhamisi, 19 Septemba

Msaji uliobaki unatosha boksi moja. Moja tu.

Nimemwonyesha Ezhumalai vipande vyangu vilivyoharibika. Hakucheka, na hilo liliniudhi zaidi. Akasema, "Mzee, kaombe ile nusu nyingine. Spika huwa mbili za mti mmoja. Ukiweka msaji huku na plaiwudi kule, moja itaimba na nyingine itasema."

Nikamwambia anipimie plaiwudi.

"Ile nusu iko mbali?"

Nikamwambia iko mbali sana.

Jumanne, 24 Septemba

Sivakami kwa ndoo yake leo: "Taratibu, ndoo, usimwage. Nimeuhamisha ule ubao wa bembea. Nimeuweka juu ya vigoda viwili kando ya kitanda, juu yake zinakaa dawa na bilauri. Mgonjwa anaupapasa kwa mkono wa kushoto mchana kutwa. Jana kamwaga maziwa. Sijui anatafuta nini pale, na hawezi kuniambia."

Nilikaa na kamba mkononi. Maji yalikuwa yameshajaa.

Nikaigeukia ndoo yangu. Nikasema, "Ndoo, una tundu." Haina tundu.

Jumamosi, 28 Septemba

Boksi la msaji limesimama. Safari hii nimepima ndani. Mchele umetoka lita sita na vijiko viwili. Gundi inakauka, nimelibana kwa vibanio nilivyoazima kwa Ezhumalai, mikanda ya kitanda na kamusi mbili juu.

La plaiwudi Ezhumalai alilikata kwa nusu saa huku akizungumza. Liko sawa kabisa. Sipendi kulitazama.

Jumatano, 2 Oktoba

Ndani ya boksi hutiwa kitu laini ili sauti ya nyuma isirudi kupiga koni. Ghouse anauza pamba ya viwandani. Mimi nimepasua mto wa baba, wa sufi. Sufi imeruka chumba kizima, imenikaa kwenye nyusi. Nimetia kiasi cha konzi mbili kila boksi, nimekaza kwa wavu.

Nimelehemu waya. Nimeungua kidole cha shahada. Ghouse alisema nijaribu kwa betri ya tochi: gusa waya, ukiona koni inaruka mbele, upande huo ni chanya. Koni zote mbili zimeruka mbele. Zilitoa mlio mdogo, kama mtu anayeanza neno.

Ningeweza kuunganisha amplifaya leo hii. Ghouse amesema nijaribu mapema, nikikosea nijue. Sitajaribu. Kazi mpya huanzwa siku ya Vijayadashami. Baba alinitia chaki mkononi siku hiyo, nikaandika herufi ya kwanza juu ya mchele, na Natesan vilevile miaka mitatu baadaye. Kilichongoja miaka tisa kitangoja siku kumi.

Nimesoma tena mstari huo wa mwisho. Sikukusudia kuandika hivyo. Spika nimezinunua mwezi uliopita tu.

Ijumaa, 11 Oktoba

Ibada ya Zana. Naandika kabla ya ibada, kwa sababu baada yake kalamu haiguswi hadi kesho, wala kitabu hakifunguliwi.

Nimepanga kila kitu mbele ya picha ya Saraswati, mungu wa kike wa elimu: kamusi, sarufi tatu, futi ya chuma, msumeno, bisibisi, pasi ya kulehemu, miwani ya akiba. Mbele kabisa, spika. Nimesaga liwa ya sandali mwenyewe juu ya jiwe. Kila kifaa kitapata alama yake ya liwa na unga mwekundu katikati. Si pembeni, wala si popote. Katikati, mahali pa heshima. Wengi siku hizi wanapaka ovyo, alama ya liwa huku na unga kule, kama watoto. Mimi nitaipaka inavyostahili.

Jumamosi, 12 Oktoba

Vijayadashami.

Niliamka, nikaoga maji ya kisima, nikavaa nguo nyeupe. Saa mbili na dakika ishirini na tano niliunganisha amplifaya, nikafungua stesheni ya redio kwenye simu. Nikakaa mbele, mgongo wima. Nilikuwa nimeziweka juu ya rafu iliyo kwenye mlango uliozibwa, kwa sababu rafu nyingine imejaa vitabu.

Mwanamke alianza. Kwa neno la kwanza, ile ya plaiwudi ilisema kawaida, kama alivyotabiri Ezhumalai. Ile ya msaji ilikoroma. Kila aliposhuka kwenye sauti nene, ilikwaruza – krrr – kama mtu anayeburuta gunia la mawe. Nikapunguza. Ikakwaruza kidogo. Nikaongeza. Sitaandika.

Nilizima. Na kisimani, sauti ya Sivakami: "Ndoo, umesikia hilo? Upande ule wanapasua kuni ndani ya nyumba. Mgonjwa wangu kageuzia uso ukutani, kafumba macho."

Kisha, kwa sauti ndogo: "Au kaigeukia hiyo sauti. Sijui, ndoo. Kafumba macho."

Nimetafuta kosa tangu saa tatu. Skrubu zimekaza. Waya haugusi kitu. Mchana nikaona. Ni liwa. Niliipaka nene katikati ya koni ya msaji, pale penye kibonyeo, mahali pa heshima. Imekauka, imekuwa gamba zito, imepasuka, na karatasi chini yake imelowa na kukunjamana. Nilipofika kwenye ile ya plaiwudi liwa ilikuwa imebaki kidogo, nikaigusa tu. Imebanduka yenyewe.

Nikajaribu kubandua gamba kwa ukucha. Karatasi ikaja nalo.

Mafundi wote wa mtaa huu wamepaka zana zao jana, mashine za kushonea, magari, mizani. Hakuna aliyeharibu chake. Mimi niliyepaka kwa usahihi ndiye niliyeharibu.

Jumatatu, 14 Oktoba

Mvua kubwa. Nimekwenda Mtaa wa Ritchie na spika ndani ya mfuko wa plastiki, suruali imekunjwa hadi magotini.

Ghouse aliitazama muda mrefu. Akaita mwenzake wa duka la pili aje kuitazama. Kisha akawa mpole, jambo ambalo sikulitaka.

"Mwalimu, mtu hupakwa liwa kwenye paji la uso. Wewe umeipaka kwenye ulimi."

Nikamwambia nataka nyingine. Akasema za aina ile zimekwisha, mzigo mpya utakuja baada ya sikukuu ya Dipavali, na hata zikija hazitakuwa ndugu na ile uliyobaki nayo. "Jozi hupimwa pamoja. Hizi mbili nilikuchagulia mimi, nilizipima moja moja hadi nikapata zinazofanana. Sikukwambia."

Nikamuuliza mbona alijisumbua.

"Uliniangusha mara mbili," alisema, "lakini mara ya tatu ulinifundisha nyumbani kwenu, juu ya bembea, bila malipo. Wewe na yule mdogo wako. Yeye alinipa andazi la ulezi ukigeuka." Akauliza, "Yu hali gani, huyo mdogo wako?"

Nikasema hajambo.

Jumatano, 16 Oktoba

Mvua. Maji yamefika kizingiti cha mbele. Umeme umekatika tangu alfajiri. Hakuna kazi inayowezekana.

Niandike basi. Hakuna atakayesoma.

Natesan hakutaka ubao ukatwe. Siku ya mgawanyo tuligawana sufuria, tukagawana vitabu na redio kwa kura, tukafika kwenye bembea. Wakili akasema mmoja achukue, mwingine alipwe. Natesan akasema, "Kaka achukue. Mimi nitakuja kukaa jioni." Ndivyo alivyosema, na alikuwa akitabasamu, baada ya mwezi mzima wa matusi. Mimi nikasema hapana. Hati inasema nusu kwa nusu ya kila kitu, na mimi sitaki hisani ya mtu anayekuja kukaa jioni. Nikaagiza msumeno. Mimi ndiye niliyeshika futi. Nilipima kati kwa kati, nikachora mstari kwa penseli. Fundi alisitasita, nikamwambia akate.

Natesan alitoka nje. Aliporudi alichukua nusu yake begani, hakuniaga. Hapo ndipo nilipoapa, kwa sababu hakuniaga.

Nimewaambia watu miaka tisa kuwa ni kazi ya wakili. Mwezi uliopita nimemwambia seremala.

Mstari wa penseli bado unaonekana, nusu yake. Ezhumalai alipoupasua ubao, mstari uliangukia upande wa nje. Uko nyuma ya boksi la msaji, karibu na tundu la waya. Nilitia msasa pande zote isipokuwa pale.

Alhamisi, 17 Oktoba

Nimetoa spika nzima kutoka boksi la plaiwudi nikaitia kwenye la msaji. Skrubu nne. Boksi la plaiwudi limebaki na tobo mbele. Nimeweka ndani yake kalamu na bisibisi.

Jozi haikupatikana. Hata redio ya baba ilikuwa na moja.

Jumapili, 20 Oktoba

Mvua imekoma. Ezhumalai amepita kudai vibanio vyake, akaona nilivyopanga. Boksi liko juu ya rafu, mdomo wake umeelekea ukutani, umbali wa kiganja. Pale palikuwa mlango. Mafundi waliuziba kwa safu moja tu ya matofali yaliyosimamishwa kwa ubavu, kwa sababu saruji ilikuwa imeisha na mimi sikutaka kungoja siku nyingine.

"Mzee, sisi wengine tukisikiliza spika tunakaa mbele yake. Umeigeuza, au umeiadhibu?"

Nikamwambia ukuta unarudisha sauti vizuri.

Akapiga tofali kwa vifundo vya vidole. Liliitika, tupu. Akanitazama, kisha akalitazama boksi, akainama nyuma yake akaona penseli.

"Mwenzake yuko nyuma ya hili tofali," alisema.

Nikamwonyesha vibanio vyake, akavichukua. Mlangoni akasema mlango mwingine wa nyumba ile uko hatua kumi na mbili kutoka hapa, amezihesabu alipokuja, na kama shida ni goti basi yeye atanishika mkono. Nikamwambia goti langu ni zima.

Jumatatu, 21 Oktoba

Saa tatu kasoro robo. Naandika nikiwa nimesimama, daftari juu ya boksi la plaiwudi.

Saa mbili na nusu nilifungua. Sikuongeza sauti kwa pupa. Mwanamume, sauti ya mzee, violini moja na ngoma. Kutoka nyuma ya boksi husikii vizuri, unasikia mti. Nimeweka kiganja juu ya msaji. Unatetemeka kidogo. Haukwaruzi. Umejaa, unatoa neno zima kuanzia mwanzo hadi mwisho wake. Hii ni spika nzuri. Naandika hivyo kwa sababu ni kweli. Nimetengeneza kitu kizuri, kwa makosa manne, na siwezi kukisikiliza kutoka mbele.

Dakika tano za kwanza, upande wa pili kimya. Nikasema moyoni, basi, daktari alisema mapema, na mimi nimengoja Vijayadashami. Nikaanza kuhesabu kwa vidole, bila kugonga. Ni mazoea tu.

Kisha ikaja. Sauti ya mti. Siyo ya tofali, tofali naijua. Ubao wa msaji, mnene, wenye vitu juu yake, kwa sababu bilauri iligongana na kijiko. Pigo moja.

Nikahesabu. Mbili, tatu, nne.

Tano – pigo.

Sita. Na kabla sijafika, pigo. La saba. Mapema.

Sivakami kisimani alikuwa akiteka. Kapi ikanyamaza katikati.

Natesan akagonga tena. Moja. Tano. La saba mapema. Mkono wa kushoto hauna nguvu, mapigo mengine ni mkwaruzo tu, lakini mahali pake ni pale pale. Miaka sitini na tano. Baba alimchapa kwa ajili ya hilo, na mimi nilifurahi alipochapwa.

Kisha sauti ya Sivakami, na haikuelekea kisimani. Ilitoka karibu, nyuma ya tofali. Hakuitaja ndoo. "Kaka," alisema. Mara ya kwanza tangu aolewe. "Anatazama mlango wa mbele. Siyo ukutani. Mlangoni."

Sikumjibu. Hakuna ndoo humu ndani.

Wimbo umekwisha. Mtangazaji ameanza kusoma habari: mvua, reli, bei ya vitunguu. Natesan hajaacha. Anagonga juu ya habari, bila wimbo, na sijui kama anaita au ni mkono tu umeshika njia yake. Nimezima redio ili nisikie. Moja. Tano. La saba, mapema.

Boksi langu lina mdomo mmoja, na halipeleki ila kinachotoka redioni.

Nimekwenda hadi mlango wa mbele, nikarudi kuandika haya. Nimekwenda tena. Maji ya mvua yameacha matope kwenye kizingiti changu. Makubazi yako pale, moja limepinduka. Nimeliweka sawa. Hatua kumi na mbili, kama Ezhumalai anajua kuhesabu. Bado anagonga. Nimevaa la kulia